Matundu Mawili ya Sindano

Saa mbili na robo asubuhi Inspekta alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha mafunzo, kofia yake juu ya benchi, mguu wake wa kulia umenyooshwa kama wa maiti. Aliyepiga magoti kando yake ndiye mtu ambaye yeye Inspekta alitumwa kuja kumtia pingu.

"Itauma, afande," mtu yule alisema.

"Nimekaa kazini miaka ishirini na sita chini ya wakubwa. Nimeshazoea kuumia. Funga."

Waokoaji wanane waliojipanga ukutani walitaka kucheka, wakamtazama mwalimu wao kwanza, wakaona hajacheka, wakameza.

Mtu yule walimwita Kinyozi, kwa kuwa kabla ya kuwa mwokoaji alinyoa watu miaka kumi na minne katika kibanda cha mabati chini ya machimbo ya mawe. Shule aliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilimaliza kwa kusukumwa kama gari bovu. Siku tisa zilizopita alimfunga mkanda wa kuzuia damu mkata mawe mmoja aliyepondwa paja na jiwe. Mkanda ulivunjika njiani, na mkata mawe akakata roho kabla ya kuliona geti la hospitali. Ripoti ya meneja wa machimbo ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, imepigwa chapa, ina muhuri: mwokoaji asiye na elimu ya kutosha alikaza mkanda kupita kiasi, akauvunja, mgonjwa akafa. Mkuu wa upelelezi aliisoma akiwa amesimama, akasema imenyooka, mtu ashtakiwe kwa kuua bila kukusudia, na jalada liwe mezani kwake kabla ya saa sita mchana.

Imenyooka! Wakubwa wanapenda sana karatasi iliyonyooka. Hata fimbo ya kumchapia mnyonge huwa imenyooka.

Lakini Inspekta alikuwa na tabia moja iliyomchelewesha kupanda cheo: hakuliamini jambo mpaka alione likitendwa. Alipofika kituo cha uokoaji cha machimbo yale asubuhi ile hakuuliza maswali. Alivua kofia, akalala sakafuni, akasema neno lake moja: "Nionyeshe."

Mwalimu wa kituo, mama wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi, ndiye aliyeshika muda. Watu walimwita Mama Mkanda, na hakuna aliyekumbuka tena jina alilopewa na baba yake.

"Haya," alisema. "Paja la kulia, mshipa mkubwa. Damu inaruka. Anza."

Kinyozi hakuitazama mikono yake. Alimtazama Inspekta usoni, akamwuliza jina, akamwuliza ana watoto wangapi, na huku anauliza mkanda ulikwisha pita chini ya paja, ukapanda juu karibu na nyonga, ukavutwa, ukashika. Akakamata kijiti cha plastiki kinachokaa juu ya mkanda, akakizungusha. Mara ya kwanza Inspekta alikunja uso. Mara ya pili aliuma meno. Mara ya tatu alimtaja mama yake mzazi kwa sauti. Kinyozi akapeleka vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, akasikiliza, kisha akakibana kijiti kwenye ndoano yake. Akatoa kalamu nene, akaandika saa kwenye paji la uso la Inspekta.

"Sekunde kumi na tisa," Mama Mkanda alisema. Hakusifu, lakini sauti yake ilisimama wima kama mtu anayepigiwa saluti.

"Zungusha tena," Inspekta aliamuru, jasho likimtoka.

"Sizungushi."

"Nimekwambia zungusha. Mimi ni polisi."

"Na mimi ni mwokoaji. Mapigo ya mguuni yamekwisha, maana yake damu imesimama. Baada ya hapo kinachozunguka si kijiti tena, ni kiburi."

Wale wanane ukutani walijibu kwa pamoja, kama watoto wanaoitikia mwalimu: "Ni kiburi!"

"Ndivyo nilivyowafundisha," Mama Mkanda alisema. "Afande, kutoka hapa hadi hospitali ni saa tatu na nusu kama mvua haijanyesha. Mtu akiumia machimboni, daktari wake wa kwanza ni sisi, wa pili ni sisi, wa tatu ni barabara. Nina wavunja mawe hapa, nina mpishi, nina kinyozi. Miaka kumi na tisa. Watu mia mbili na kumi na wawili wameteremka mlima huu wakipumua, wakafika wakipumua. Hao walioandika kwamba hatuna elimu, waulize wao wamefikisha wangapi."

Inspekta alifunguliwa mguu, akakaa, akausugua hadi damu ikarudi na vijisindano vyake. Kichwani mwake alikwisha chana kipande cha kwanza cha ile ripoti. Mtu anayekataa amri ya polisi ili asikaze kupita kiasi hawezi kukaza kupita kiasi kwa bahati mbaya.

Lakini palikuwa na jambo lingine, tena baya zaidi, na hilo meneja hakuliandika kwa sababu hakulijua.

"Marehemu alikuwa nani kwako?" Inspekta aliuliza.

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Shemeji. Alimwoa dada yangu."

"Mlikuwa mnasalimiana?"

"Hapana. Mwaka mzima."

"Ulimwambia nini pale bombani, mbele ya watu?"

Mpishi aliyekuwa mwokoaji alianza kuhesabu misumari ya kwenye dari.

"Nilimwambia... siku ukianguka, mimi sikuokoti."

"Kwa nini?"

"Aliwaambia watu kwamba mimi nacheza udaktari. Kwamba akiumia, bora abebwe kwa toroli ya mawe kuliko na mimi. Nilikasirika, afande. Hasira ni hasara, naijua."

Inspekta aligeuka dirishani. Nje ya geti alisimama mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani, mikono kaikunja kifuani, hasogei mbele, hasogei nyuma. Ndiye dada mtu, ndiye mjane. Jana yake ndiye aliyekuja kituo cha polisi kuyasimulia maneno ya bombani, na alipomaliza alisema, "Mimi sijui mambo ya mikanda, afande. Niambie tu kama kaka yangu alimwacha mume wangu afe." Kisha akaondoka bila kungoja jibu, maana jibu lenyewe halikuwapo.

"Mkanda ulivunjikia wapi?" Inspekta aliendelea.

"Darajani. Gari lilipiga shimo, nikasikia pa! Kijiti kimekatika. Nikatoa mkanda wa pili kwenye begi, nikafunga. Nao ukakatika kwenye mzunguko wa tatu, nikautupa sijui wapi. Sikuwa na wa tatu. Nikamwekea goti kwenye kinena, hapa mshipa unapopita, nikalalia kwa uzito wangu wote."

"Muda gani?"

"Mpaka getini hospitali. Dereva anasema saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu umepiga goti nyuma ya pikapu, kwenye barabara ile?"

"Ndiyo."

"Hata mara moja hukuinuka? Kunyoosha mgongo? Kufuta jasho?"

"Ningeinuka angekwisha hapo hapo."

"Kila mtu angesema hivyo. Goti gani lilikuwa kwake?"

"La kulia."

"Na la kushoto?"

"Kwenye bati la gari."

"Kunja suruali. La kushoto."

Kinyozi alisita kama mwanamwari, kisha akakunja. Mama Mkanda alitoa sauti ndogo kooni. Kwenye goti lile palikuwa na mistari minne ya vidonda, imeganda, myeusi, imelingana kama mistari ya daftari. Mmoja ulikuwa umeingia ndani mpaka weupe wa ndani ukaonekana.

"Ulimwonyesha nani hili?"

"Nimwonyeshe nani, afande? Shemeji amekufa, mimi nilie goti?"

Inspekta alichomoa ujiti kutoka kwenye ufagio uliokuwa kwenye kona, akaupima kwenye vidonda, akakata kwa kucha alama nne, kila mstari alama yake. Akatoka nje na ujiti wake. Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani, ile ile, kwa kuwa gari la wagonjwa siku ile lilikuwa limepelekwa mjini kuchukua viti vya sherehe ya meneja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alipanda nyuma, akainama, akaulaza ujiti juu ya matuta ya bati la sakafu. Alama ya kwanza ilikaa juu ya tuta la kwanza, ya pili juu ya tuta la pili, ya tatu juu ya la tatu, ya nne juu ya la nne.

Alikaa pale kidogo, amechuchumaa. Mtu anayeinuka na kukaa tena hawezi kulirudisha goti kwenye matuta yale yale. Vidonda vingepishana, vingekuwa mchoro wa kuku. Hivi vilikuwa mistari minne, basi. Goti lile lilitua mara moja tu.

Aliporudi ndani alimkuta Mama Mkanda ameushika ule mkanda wa mazoezi, anaukunja taratibu kama anayekunja nguo ya mtoto. Kwenye ncha ya mkanda, Inspekta aliona kitanzi kidogo cha uzi mweupe kilichoshonwa kwa mkono.

"Huu uzi wa nini?"

"Mstaafu," Mama Mkanda alijibu. "Mkanda mpya ni wa kazini tu. Ukishafungwa darasani hata mara moja, nashona uzi, umestaafu, hauendi tena kwa mgonjwa. Kijiti ni plastiki, afande. Kinachoka. Kila ukikizungusha kinapinda kidogo, na kinapopinda panakuwa peupe. Tazama."

Alikigeuza kijiti kwenye mwanga. Katikati, plastiki nyeusi ilikuwa na ukungu mweupe, kama mtu aliyepakwa majivu.

"Unashona mwenyewe?"

"Mwenyewe. Sindano moja, pigo moja, fundo. Sikabidhi mtu."

"Unayo mingapi?"

"Ilikuwa kumi na miwili. Mwezi wa tatu ikabaki sita. Mtunza ghala aliniambia mingine imepelekwa kituo kingine kusaidia mafunzo. Nikafurahi, nikasema angalau na wengine wanajifunza."

Inspekta alitoa bahasha mfukoni. Ndani mlikuwa na mkanda mmoja, ule wa kwanza, waliouacha kwenye mguu wa marehemu hadi hospitali, damu imekauka juu yake, kijiti kimebaki nusu. Hakukitazama kijiti kwanza. Alikamata ncha ya mkanda, akaisogeza dirishani, akaivuta ikakaza.

Mwanga ulipita katika matundu mawili madogo, yamekaa jirani kama macho ya panya.

Mama Mkanda alisogea. Alitazama mara moja. Akatazama tena. Kisha akatafuta benchi kwa mkono, akakaa.

"Ni mkono wangu huo," alisema.

"Hakika?"

"Mama hasahau kovu la mwanawe. Uzi umetolewa, lakini pigo ni langu. Na kijiti, kitazame kilipokatika." Pale pale palipovunjika, plastiki ilikuwa nyeupe. "Wamewatoa wazee wangu kwenye kiinua mgongo, wakawavika gwanda, wakawarudisha vitani."

Kinyozi alikuwa amesimama, kinywa wazi. "Mama, lakini ilikuwa kwenye mfuko! Mfuko umefungwa! Niliupasua mwenyewe kwa meno!"

"Umefungwa, ndiyo." Mama Mkanda alifunika uso, halafu akafunua, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufunika uso. "Hilo ni langu, afande, liandike. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mfuko uliofungwa haufunguliwi ila kwa mgonjwa. Hakuna ruhusa ya kupasua kuangalia, vumbi litaingia. Watu wangu wanakagua kila asubuhi: mfuko upo, mfuko haujapasuka, basi. Wametii. Aliyefanya hivi alijua kwamba watatii."

"Leo tunavunja sheria yako. Leteni mabegi yote ya zamu."

Mabegi manne yaliletwa, mifuko minane ya mikanda ikapangwa mezani. Mpishi alipasua, Inspekta akavuta ncha dirishani, mmoja baada ya mwingine. Mitatu ya kwanza, mizima. Wa nne, macho ya panya. Wa tano mzima. Wa sita, macho ya panya. Wa saba, wa nane, macho ya panya. Minne, ukijumlisha na miwili iliyovunjika, ni sita. Wastaafu wote sita wamehesabika, na wawili wamefia kazini pamoja na mtu.

Inspekta aliokota mfuko mtupu wa mzima mmoja na mtupu wa mstaafu mmoja, akaitia mfukoni, akaelekea ghalani.

Mtunza ghala aliitwa Funguo, kwa ajili ya rundo la funguo alilolining'iniza kiunoni likimtangaza kabla hajafika. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mpole, wa aina ya watu wanaosema ndiyo kabla swali halijaisha.

"Mikanda ya mabegi ilitoka wapi?"

"Makao makuu, afande."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Ilikuja imefungwa?"

"Ndiyo, imefungwa kiwandani, kila mmoja na mfuko wake."

Inspekta aliilaza mifuko miwili mezani. Wa kwanza, ukingo wake ulibanwa kwa meno madogo yaliyonyooka, safi. Wa pili ulibanwa kwa alama pana, laini, yenye ncha iliyochongoka upande mmoja, kama ncha ya mashua.

"Huu umefungwa na mashine gani?"

"Ya kiwandani."

"Kiwanda kinafunga kwa pasi ya nguo?"

Funguo zililia kiunoni ingawa mwenyewe hakusogea.

"Pasi ya nani?" Inspekta aliuliza, sauti imeshuka.

"Ya mke wangu."

"Kaa chini, bwana. Simama kwenye ukweli tu."

Funguo alikaa. Mara baada ya kukaa, maneno yalimtoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Alikuwa ameomba mikanda mipya mara tatu, kwa barua, na nakala anazo. Meneja hakuzipeleka mbele, kwa sababu kupeleka barua ya upungufu ni kukiri kwamba kuna upungufu, na wageni wa makao makuu walikuwa njiani kuja kutoa cheti cha kituo bora. Mabegi yawe yamejaa, meneja alisema. Akamwita ofisini, akamfunulia mwenyewe ncha ya mkanda, akamwonyesha uzi: toa haka kwa wembe, osha, funga upya. Wageni walikuja, wakahesabu mifuko bila kupasua hata mmoja, wakapiga picha, wakala, wakaondoka. Cheti kikatundikwa.

"Baada ya wageni kuondoka, kwa nini hukuitoa?"

"Nilimwambia. Akasema mikanda ni mikanda." Funguo alijifuta macho kwa kiganja. "Afande, marehemu alikuwa jirani yangu. Tumegawana ukuta."

"Utayasema haya yote kwa maandishi?"

"Nitayasema. Hata mke wangu ameacha kuitumia pasi ile."

Inspekta alimwacha aandike, askari mmoja aliyekuja naye amesimama mlangoni. Ushahidi wa Funguo ulikuwa mzuri, lakini alijua mchezo wa wakubwa: neno la mtunza ghala dhidi ya neno la meneja ni kuku dhidi ya mwewe. Ilibidi mwewe mwenyewe atue.

Akatua saa nne na nusu, kwenye gari lenye vioo vyeusi, harufu ya manukato imetangulia mbele. Meneja alikuwa mtu wa tabasamu. Alimpa Inspekta mkono, akampigapiga bega, akawatazama waokoaji kama mtu anayetazama fanicha ya zamani.

"Afande, bado hujamaliza na huyu kinyozi wetu? Mkuu wako kanipigia, anakungoja."

"Kimebaki kidogo tu, mheshimiwa. Wewe unaijua hii mikanda?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa ofisini, bwana. Hayo ni ya ghalani na ya mama huyu. Sijawahi hata kuushika."

"Hata kuushika?"

"Hata kidogo. Mkanda ninaoujua ni wa suruali." Alicheka peke yake.

"Vizuri. Nataka kumaliza jalada, na kwenye jalada nahitaji shahidi msomi aliyeona jinsi Kinyozi anavyofunga. Mimi amenifunga, lakini mimi si msomi. Ungekubali akufunge na wewe? Sekunde ishirini tu."

Mbele ya watu kumi, mtu wa tabasamu hawezi kukataa. Meneja alivua koti, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu wenye kiatu kinachong'aa.

Inspekta aliilaza mikanda miwili mbele yake. Yote myeusi, yote safi, yote imetoka kwenye mifuko, mmoja mzima na mmoja mstaafu. "Chagua wowote. Ila mwambie ukweli, Mama, asije akanilaumu. Kikivunjika kijiti?"

"Kikivunjika wakati kimekazwa," Mama Mkanda alisema bila kupepesa, "kinaweza kuruka usoni."

Meneja aliendelea kutabasamu. Akachukua mkanda wa kwanza. Hakukitazama kijiti. Hakukivuta kitambaa. Aliigeuza ncha, akaiinua dirishani, akafinya jicho moja. Akaurudisha mezani taratibu. Akachukua wa pili, akaigeuza ncha, akaitazama, uso ukapoa.

"Huu," alisema.

Nzi mmoja alizunguka juu ya meza, akatua juu ya mkanda uliokataliwa.

"Mheshimiwa," Inspekta aliuliza kwa upole mkubwa, "ulikuwa unatafuta nini pale kwenye ncha?"

Tabasamu lilibaki kwenye uso wa meneja kwa muda, kama taa ya nyumba iliyohamwa. Alitazama ncha ya mkanda mkononi mwake, akatazama waokoaji wale wanane, mpishi na wavunja mawe, watu wasio na elimu, na akaona kwamba wote walikwisha elewa kabla yake.

"Nataka kuongea na mkuu wako," alisema.

"Utaongea naye. Tunakwenda huko pamoja."

Simu ya Inspekta ililia wakati anamwingiza meneja kwenye gari la polisi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Mkuu wa upelelezi hakusalimia.

"Umemkamata mtu?"

"Nimemkamata, afande. Nakuja naye. Nina mikanda mitano, nina mifuko iliyofungwa kwa pasi, nina maelezo ya mtunza ghala na barua zake tatu, na nina mashahidi kumi walioona kwa macho."

"Kinyozi mmoja anahitaji mashahidi kumi?"

"Kinyozi hahitaji hata mmoja, afande. Na jalada likifika mezani kwako, nakala itakuwa imeshafika kwa mwendesha mashtaka."

Simu ikakatwa. Inspekta aliirudisha mfukoni. Ofisini atapokewa vibaya, hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Hakutembea kinyonge hata hivyo.

Kwenye geti yule mjane alikuwa bado amesimama. Ameona meneja anapakiwa. Hakuuliza habari za meneja.

"Alimwacha?"

"Mikanda ilikuwa mibovu, mama. Ilivunjika mikononi mwake, na si yeye aliyeiharibu. Baada ya hapo alimkandamizia goti saa moja na nusu bila kuinuka. Nimelipima mwenyewe kwenye bati la gari. Aliyekuwa hamsalimii, alimlalia mwili mzima ili damu isitoke." Alifungua mlango wa gari. "Mengine kamwulize mwenyewe. Yumo ndani."

Mjane alivuka geti. Kwenye chumba cha mafunzo Mama Mkanda alikwisha rudisha watu kazini, kana kwamba hakuna meneja aliyewahi kukaa kwenye benchi lile. Wanane walikuwa wawili wawili sakafuni, mmoja anafunga, mmoja anafungwa, na Kinyozi peke yake hakuwa na mwenzake. Alipomwona dada yake mlangoni alisimama.

"Dada..."

"Kaa," dada alisema. "Nimesikia. Kaa."

Kinyozi akakaa sakafuni. Dada akabaki amesimama juu yake, hajui pa kuiweka mikono yake. Mama Mkanda alipita, akamtia mkanda mmoja kiganjani bila kumtazama.

"Humu hakai mtu mikono mitupu. Juu ya paja, karibu na nyonga. Vuta. Kisha zungusha."

Dada alipiga magoti. Alipitisha mkanda chini ya paja la kaka yake, akauvuta vibaya, akaurudia, akaushika. Akakamata kijiti. Akazungusha mara moja.

"Inauma?"

"Inauma."

Akazungusha tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini.

"Na yeye alilia?"

"Shemeji? Hakulia hata kidogo. Alinitukana."

Mikono ya dada ikasimama. "Alikutukana?"

"Njia nzima. Alisema mikono yangu inanuka povu la kunyolea. Akasema goti langu lina mifupa ya mbuzi. Nilimwambia nyamaza, unapoteza nguvu, akasema nguvu ni zake na atazipoteza anavyotaka. Mpaka karibu na geti bado alikuwa ananitukana. Nilifurahi, dada. Mtu anayetukana anapumua."

Dada alicheka. Kilikuwa kicheko kilichopasuka katikati, nusu kicheko nusu kitu kingine, na waokoaji wote waligeuka kukisikiliza.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo huyo."

"Usisimame," Mama Mkanda alisema juu yao, macho kwenye saa yake. "Damu bado inatoka. Zungusha."

Akazungusha.